Ini lililokatwa hupona kwa damu: Yafaayo mgonjwa na jamaa zake kujua

MTU akikatwa kidole, kidole hicho hakioti tena. Figo moja ikitolewa, ile iliyobaki huweza kufanya kazi za zote mbili, lakini iliyotolewa hairudi. Ini ni tofauti. Daktari mpasuaji anaweza kuondoa zaidi ya nusu ya ini la mtu ambaye ini lake ni zima, na baada ya miezi michache sehemu iliyobaki ikawa imenenepa hadi kukaribia uzito wa ini la awali.

Hata hivyo, habari hiyo njema ina sharti lake. Ini lililobaki hukua ikiwa tu damu inapita ndani yake kwa kiasi kinachofaa. Damu ikipungua, ini hukosa hewa na chakula. Damu ikizidi, ini dogo hulemewa na kuharibika. Ndiyo maana wagonjwa wawili wanaweza kufanyiwa upasuaji wa aina moja, siku moja, na mmoja akarudi nyumbani baada ya siku kumi ilhali mwenzake angali na macho ya manjano na tumbo lililojaa maji.

Katika somo la leo tutaeleza jinsi damu inavyolilisha ini, mambo yanayotokea likikatwa, na yale ambayo wewe msomaji unapaswa kuyafanya ikiwa ni jamaa yako aliyetoka hospitalini. Mfano wetu ni ugonjwa mmoja unaowapata watu wa nchi za wafugaji, Isiolo ikiwa mojawapo: uvimbe wa ini unaotokana na tegu wa mbwa, ambao madaktari huuita haidatidi.

Uvimbe unaokua kimya kimya

Isiolo ni mji wa mifugo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia hupitia hapa kutoka Merti, Garba Tulla, Oldonyiro na hata Marsabit wakielekea sokoni na vichinjioni. Maziwa ya ngamia husafirishwa kutoka hapa hadi Eastleigh, Nairobi. Palipo na mifugo pana mbwa wa kuilinda, na palipo na mbwa na mizoga ya mifugo pamoja, tegu huyu hupata makao.

Tegu mwenyewe ni mdogo mno, milimita chache tu kwa urefu, naye huishi katika utumbo wa mbwa bila kumdhuru sana. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa na kuanguka kwenye majani, mchangani, majini au katika manyoya ya mbwa huyo huyo. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyala, uvimbe wenye maji huota katika maini au mapafu yake. Mbwa akila maini au mapafu hayo, mzunguko huanza upya.

Binadamu huingia katika mzunguko huo kwa bahati mbaya, anapoyameza mayai kupitia mikono, maji au mboga zisizooshwa. Mayai hupasuka tumboni, na viini vyake hutoboa utumbo na kuchukuliwa na damu. Kwa kuwa damu yote ya utumbo hupitia kwenye ini kwanza, huko ndiko viini vingi hunaswa. Kwa wastani, wagonjwa 7 kati ya 10 huwa na uvimbe kwenye ini, na wengi wa waliosalia huwa nao kwenye mapafu.

Uvimbe huu hukua polepole, pengine sentimita moja hadi tano kwa mwaka, na mtu anaweza kukaa nao kwa miaka mingi bila kuhisi lolote. Mwishowe tumbo la upande wa kulia huanza kuvimba na kuwa zito, hamu ya chakula hupungua, au macho yakawa ya manjano kwa sababu njia ya nyongo imebanwa. Turkana imejulikana kwa muda mrefu kuwa mojawapo ya sehemu za dunia zenye wagonjwa wengi zaidi wa haidatidi. Shirika la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti huko mwaka 1983, kwa kuwapima watu tumbo kwa mashine ya altrasaundi, kuwapasua waliohitaji na kuwatibu mbwa.

Si kila uvimbe wa haidatidi unahitaji kisu. Mwingine umekwisha kufa na hutazamwa tu kwa altrasaundi. Mwingine hutibiwa kwa vidonge vya albendazole kwa miezi kadhaa. Mwingine hunyonywa kwa sindano na daktari aliyefunzwa kazi hiyo, kisha dawa ya kuua viini ikatiwa ndani. Upasuaji huja wakati uvimbe ni mkubwa, una vyumba vingi ndani, umepasukia katika njia za nyongo, au unakaribia kupasuka tumboni. Mara nyingi daktari huufungua uvimbe na kuusafisha bila kuondoa nyama nyingi ya ini. Lakini ikiwa umekula upande mzima wa ini, basi upande huo huenda ukalazimika kukatwa. Upasuaji mkubwa wa namna hiyo hufanywa pia kwa saratani ya ini.

Damu ya ini inatoka wapi?

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu. Liko chini ya mbavu za kulia. Kila dakika karibu lita moja na nusu ya damu hupita ndani yake, yaani kama robo ya damu yote inayosukumwa na moyo.

Viungo vingi vya mwili hupata damu kwa mlango mmoja. Ini lina milango miwili.

Mlango wa kwanza ni ateri ya ini. Hii huleta damu nyekundu kutoka moyoni, yenye hewa nyingi na msukumo mkubwa. Ni kama robo tu ya damu inayoingia kwenye ini.

Mlango wa pili ni mshipa mpana uitwao veni ya pota. Huu hukusanya damu kutoka kwa utumbo, tumbo, kongosho na bandama, na kuileta kwenye ini ikiwa imebeba chakula kilichosagwa. Robo tatu za damu ya ini huingia kwa njia hii. Msukumo wake ni mdogo, lakini kwa vile damu yenyewe ni nyingi, karibu nusu ya hewa inayotumiwa na ini hutokana nayo. Tena damu hii hubeba homoni kutoka kongosho, kama vile insulini, ambazo huchochea chembechembe za ini zikue.

Damu za milango yote miwili huchanganyika katika vijia vyembamba sana kati ya chembechembe za ini. Hapo ini huchuja sumu, huhifadhi sukari, hutengeneza protini za kugandisha damu na kutoa nyongo. Kisha damu hutoka kwa mishipa mitatu mikubwa upande wa juu na kurudi moyoni. Mishipa hiyo ya kutokea ikibanwa, damu hurudi nyuma na ini huvimba. Kwa hiyo daktari analazimika kuchunga njia za kuingia na njia ya kutoka.

Milango hii miwili pia husaidiana. Damu ya veni ya pota ikipungua, ateri hujitanua ili kuziba pengo. Damu ya veni ya pota ikizidi, ateri hujibana. Kwa mtu mzima utaratibu huu ni mzuri. Kwa mtu aliyetoka kukatwa ini, huweza kuleta matatizo, kama tutakavyoona.

Ini likikatwa, damu huenda wapi?

Chukua mfano wa mgonjwa aliyeondolewa theluthi mbili za ini. Utumbo wake haukupunguzwa, wala bandama yake. Damu iliyokuwa ikitoka huko bado ni ile ile, nayo haina njia nyingine ila kupitia theluthi moja iliyobaki. Maana yake ni kwamba kila gramu ya ini hilo sasa hupitisha damu ya veni ya pota karibu mara tatu ya ile iliyozoea.

Wakazi wa Isiolo wanaujua Mto Ewaso Ng'iro. Maji yakiongezeka kiasi, mashamba ya kando hunyweshwa na mimea hustawi. Maji yale yale yakilazimishwa kupita katika mfereji mwembamba, kingo hubomoka. Ini nalo ni hivyo. Damu ikiongezeka kiasi, kuta za vijia huvutika na chembechembe hupata ishara ya kuanza kugawanyika. Huo ndio mwanzo wa kukua. Lakini ikizidi mno, vijia hivyo hupasuka na kuvimba, na chembechembe hufa badala ya kuzaana. Wakati huo huo ateri, kwa kuona veni ya pota imejaa, hujibana na kupunguza damu yenye hewa nyingi. Basi ini hufurika na kukosa hewa kwa wakati mmoja.

Matokeo yake huonekana kwa macho. Damu iliyokosa njia hurudi nyuma na maji huvuja tumboni. Ini lililochoka hushindwa kutoa nyongo, na macho huwa manjano. Protini za kugandisha damu hupungua, na mgonjwa hutokwa na damu kwa urahisi. Sumu zisizochujwa hufika kwenye ubongo na mgonjwa huanza kuchanganyikiwa.

Kwa sababu hiyo, swali muhimu kwa daktari kabla ya upasuaji ni ini kiasi gani litabaki, nalo lina afya gani. Kwa ini zima, madaktari hutaka ibaki angalau robo hivi. Kwa aliyetumia dawa kali za saratani, karibu theluthi moja. Kwa ini lililojaa makovu kwa sababu ya pombe au homa ya ini ya aina ya B au C, asilimia 40 au zaidi, na wengine hawafai kukatwa kabisa. Ini lenye makovu ni gumu, na damu hupita kwa shida hata kabla ya kisu.

Hapa mgonjwa wa haidatidi ana nafuu moja. Kwa kuwa uvimbe wake umekua kwa miaka, ukibana mishipa ya upande mmoja polepole, damu huwa imekwisha kuhamia upande wa pili na upande huo kunenepa wenyewe. Mara nyingi ini lililobaki huwa limejiandaa kabla ya siku ya upasuaji. Mgonjwa wa saratani iliyokua haraka hana nafuu hiyo.

Madaktari walivyojifunza kuichunga damu

Hapo zamani upasuaji wa ini uliogopwa kwa sababu wagonjwa walivuja damu hadi kufa mezani. Mwaka 1908, James Hogarth Pringle, mpasuaji wa Glasgow, Uskoti, alieleza kwamba daktari anaweza kubana kwa vidole ateri na veni ya pota pamoja, mahali zinapoingia kwenye ini, na damu ikatulia. Njia hiyo hutumika hadi leo. Kwa kawaida mishipa hubanwa kwa dakika 15 hivi, ikaachiliwa kwa dakika 5 ili ini lipumue, kisha ikabanwa tena.

Hatua nyingine ilikuja mwaka 1957, Mfaransa Claude Couinaud alipochapisha maelezo kuonyesha kwamba ini lina sehemu nane, kila moja ikiwa na mishipa yake ya kuingiza damu. Tangu hapo mpasuaji huweza kuondoa sehemu moja bila kuinyima damu ile ya jirani.

Katika miaka ya 1980, Masatoshi Makuuchi na wenzake wa Japani walianza kuiga yale ambayo uvimbe wa polepole hufanya wenyewe. Kabla ya upasuaji waliziba tawi la veni ya pota linalokwenda upande utakaokatwa. Damu yote ikaelekea upande wa pili, na baada ya wiki chache, mara nyingi nne hadi sita, upande huo ulikuwa umekua vya kutosha kumbeba mgonjwa. Hii yaonyesha wazi kwamba ini hufuata damu.

Siku tano za kwanza

Upasuaji mkubwa wa ini haufanywi katika kila hospitali. Mgonjwa wa Isiolo huenda akapewa rufaa hadi hospitali kubwa kama Kenyatta jijini Nairobi, mwendo wa kiasi cha kilomita 280. Jamaa wanaokwenda naye wasishangae wakiona haya:

Mgonjwa hukaa kwanza katika wodi ya uangalizi maalumu. Mkojo wake hupimwa kila saa, kwa kuwa ukipungua ni ishara kwamba damu haizunguki vyema. Hapewi maji mengi kupita kiasi mshipani, kwani maji yakizidi ini huvimba.

Huchukuliwa damu kila siku ili kupima nyongo na uwezo wa kuganda. Vipimo huharibika kidogo siku mbili za kwanza. Hilo ni la kawaida. Madaktari hutazama sana siku ya 5. Ikiwa nyongo katika damu bado iko juu na uwezo wa kuganda uko chini siku hiyo, ini linashindwa na hatari ni kubwa. Ikiwa vyote vinarejea, mgonjwa yuko njiani kupona.

Mashine ya altrasaundi inaweza kutumika kusikiliza mwendo wa damu ndani ya veni ya pota na ateri. Donge la damu likiziba veni ya pota, hugunduliwa mapema na kutibiwa. Ndiyo maana pia muuguzi humtaka mgonjwa akae kitako na kutembea kidogo tangu siku ya kwanza au ya pili, hata akilalamika kwamba anaumwa. Jamaa wasimwambie muuguzi amwache alale. Kutembea huzuia damu kuganda miguuni na tumboni.

Mgonjwa akirudi nyumbani

Hapa ndipo kazi ya jamaa inapoanza. Chembechembe za ini huanza kugawanyika siku chache tu baada ya upasuaji, na sehemu kubwa ya kukua hufanyika katika miezi miwili au mitatu ya kwanza. Mambo yafuatayo husaidia:

1. Chakula. Ini halijengwi kwa uji mtupu. Mpe mgonjwa maharagwe, mayai, samaki, nyama isiyo na mafuta mengi na maziwa yaliyochemshwa, yawe ya ng'ombe au ya ngamia. Mpe kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku. Ikiwa tumbo lina maji, daktari atasema chumvi ipunguzwe.

2. Nafaka safi. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumu ya aflatoksini ambayo huharibu ini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Mahindi yenye ukungu yatupwe. Kuyaosha au kuyapika hakuondoi sumu.

3. Dawa. Asinywe dawa yoyote ya dukani bila ruhusa. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kuleta kuvuja damu na kuumiza figo. Parasetamoli ni dawa nzuri, lakini kipimo chake kwa mgonjwa wa ini hupangwa na daktari.

4. Miti shamba. Tunawaheshimu wazee wetu na dawa zao. Lakini kila kinachomezwa hupitia kwenye ini kwanza kwa veni ya pota, na ini linalojijenga haliwezi kubeba dawa isiyojulikana kipimo chake. Miraa nayo imehusishwa na kuumia kwa ini. Pombe ni marufuku kabisa.

5. Kazi. Asibebe jerikeni ya lita 20, asipasue kuni wala asimwinue mtoto mzito kwa wiki sita hadi nane. Kovu la tumbo huweza kufunguka ndani. Akina mama ndio huvunja sharti hili mara nyingi, kwa sababu hakuna wa kuwachotea maji. Waume, watoto na majirani wapange zamu kabla hajafika nyumbani.

6. Choo. Choo kigumu hurundika sumu tumboni. Ale mboga na matunda, na anywe maji ya kutosha kama daktari alivyomwelekeza.

7. Kliniki. Asikose hata siku moja. Mgonjwa wa haidatidi kwa kawaida huendelea na albendazole baada ya upasuaji, na hupimwa damu kwa sababu dawa yenyewe huweza kulisumbua ini. Altrasaundi hurudiwa kwa miaka kadhaa, kwani uvimbe huweza kuota tena.

Hakikisha pia kwamba mgonjwa amesajiliwa na SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na uulize mapema ni gharama zipi zinazolipwa.

Dalili za kumrudisha hospitalini bila kuchelewa

Usingoje siku ya kliniki ukiona mojawapo ya haya:

– Macho yamekuwa manjano, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi na choo kimekuwa cheupe.
– Tumbo linavimba siku baada ya siku.
– Mgonjwa analala mchana na kukesha usiku, mikono inatetemeka, au anasema maneno yasiyoeleweka. Usidhani amepagawa. Ini ndilo linalolia.
– Anatapika damu, au choo ni cheusi kama lami.
– Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi.
– Kidonda kinatoa usaha au majimaji ya rangi ya nyongo.
– Mguu mmoja umevimba, au anashindwa kupumua na kifua kinamuuma.

Anayeishi mbali, kama vile Merti, asiondoke mjini kabla ya kukubaliana na jamaa ni nani mwenye gari atakayepigiwa simu usiku. Ikiwezekana, mgonjwa na akae kwa ndugu mjini Isiolo kwa wiki mbili za kwanza, karibu na hospitali ya rufaa ya kaunti.

Maswali ambayo wengi huuliza

Je, ini hurudia umbo lake la zamani?
La. Upande uliokatwa hauoti tena. Upande uliobaki hunenepa hadi kazi yake inatosha. Umbo hubadilika, lakini mtu huishi maisha ya kawaida.

Je, mtu aweza kupata haidatidi kwa kula maini yenye uvimbe?
Hapana. Uvimbe huo humwambukiza mbwa, kisha mbwa ndiye hutoa mayai yanayomwambukiza mtu. Wala mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Hakuna sababu ya kumtenga wala kumtengea vyombo.

Je, afunge mwezi wa Ramadhani?
Ini dogo lina akiba ndogo ya sukari, na kukaa bila chakula mchana kutwa huweza kumdhoofisha. Dini imemruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye. Azungumze na daktari wake na sheikh wake.

Na mama mwenye mimba?
Amweleze daktari mara moja. Albendazole haitakiwi katika miezi ya mwanzo ya ujauzito.

Kinga iko mikononi mwetu

Upasuaji mkubwa wa ini ni safari ndefu, yenye gharama na hatari. Kuuzuia ugonjwa wenyewe ni rahisi zaidi. Usimtupie mbwa maini wala mapafu yenye uvimbe. Yachome, au yazike kwa kina asipoweza kuyafukua. Wachinjaji na wenye vichinjio wafunge milango yao mbwa wasiingie. Mbwa wapewe dawa ya tegu iitwayo praziquantel angalau mara nne kwa mwaka. Uliza katika ofisi ya mifugo. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kumshika mbwa, na wafundishe watoto wasilambwe usoni na mbwa. Chanja watoto dhidi ya homa ya ini ya aina ya B, chanjo ambayo tangu miaka ya mwanzo ya 2000 imo katika chanjo za kawaida za watoto wachanga nchini Kenya.

Na ikiwa wewe au jamaa yako ana uzito usioelezeka chini ya mbavu za kulia, nenda ukapimwe kwa altrasaundi. Kipimo hicho hakiumi na huchukua dakika chache. Uvimbe ukionekana ungali mdogo, vidonge huenda vikatosha. Ukingoja hadi uujaze upande mzima wa ini, ndipo daktari hulazimika kushika kisu, na kupona kwako kukategemea jinsi ini litakalobaki litakavyoimudu damu yake.